Umekuja Kununua au Kutazama?

“Umekuja kununua au umekuja kutazama?”

Hakuinua uso alipouliza. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya turubai la bluu pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mkono wa kushoto unatandaza dagaa, wa kulia unaokota visivyotakiwa: kijiti, uzi wa nyavu, gamba la konokono. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilishaanza kuchoma. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba begani na simu mkononi, nimeshapiga picha mbili.

“Natembea tu, mama.”

“Haya, tembea. Ila usinizibie jua.”

Nikasogea.

Wiki saba zimepita. Nimeanza makala hii mara tatu na mara tatu nimeifuta, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nausifia mtaa: kelele zake, harufu yake, watu wake. Yote ni kweli. Lakini kinachonirudia usiku ni lile swali, pamoja na neno moja alilolitumia baadaye siku ileile. Neno hilo nimelisikia miaka sita bila kulielewa.

## Kirumba ya kwenye daftari

Nimezaliwa Nyakato. Kwangu mimi Kirumba ilikuwa sehemu ya kupita na daladala kwenda Pasiansi au uwanja wa ndege, na sehemu ya kushuka siku za mpira. Baba alikuwa akinipeleka uwanja wa CCM Kirumba nikiwa mdogo. Tulikuwa tukitoka uwanjani tunanunua mahindi ya kuchoma, tunapanda gari, tunarudi. Mwaloni sikuwahi kufika. Harufu tu ndiyo iliyonifikia, upepo ukitoka ziwani.

Kisha nikawa ofisa mikopo.

Ofisi yetu ni ndogo na sitaitaja. Tunakopesha vikundi vya kina mama, watano watano, wanadhaminiana, rejesho kila Jumatatu. Wateja wa Kirumba walikuwa wengi kwenye orodha yangu, na karibu wote niliwajua kwa sauti zao za simu. Wakichelewa tunapiga. Wakichelewa tena tunaandika. Kwenye safu ya mwisho ya daftari langu, mbele ya majina mengi ya Kirumba, kuna neno nililoliandika kwa mkono wangu: msumbufu.

Siku moja mwenzangu ofisini alisema watu wa Mwaloni ni wajanja, na mimi nikaitikia. Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani nikajiuliza nimewahi kuwaona wakiwa kazini lini. Jibu lilikuwa sijawahi. Nilipopata likizo nikaamua kutenga siku nzima, kwa miguu, bila daftari.

## Kuanzia Makoroboi

Nilianzia Makoroboi saa moja asubuhi, kwa chai ya rangi na chapati mbili. Mafundi walishaanza kugonga. Pale bati la kopo halitupwi: linakuwa jiko, linakuwa chujio, linakuwa upawa. Zamani lilikuwa koroboi zaidi ya kitu kingine chochote, ndiyo maana mahali pakaitwa hivyo.

Nilimuuliza mzee mmoja, fundi, kama bado anatengeneza koroboi. Akasema mara chache, siku hizi kila nyumba ina sola. Nikamuuliza kama zamani wavuvi walikuwa wateja wake.

“Wavuvi? Hapana mwanangu. Koroboi ni taa ya jikoni. Ziwani walikuwa wanawasha karabai.”

Niliitikia tu, nikashukuru, nikaondoka. Sikujua kwamba alikuwa amenigusia jambo zima la siku ile.

Nikavuka Mto Mirongo, maji yake mazito yenye mifuko ya plastiki, nikashika barabara ya Makongoro kuelekea Kirumba. Kwa daladala ni dakika chache. Kwa miguu unaona vitu: saluni zenye viti viwili, mtu anayekarabati viatu chini ya mwamba unaolingana na nyumba, mjusi dume juu ya mwamba huohuo, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu, anapiga pushapu kana kwamba eneo lote ni lake. Watoto wa shule walikuwa wanampita bila kumtazama. Mimi nilimtazama sana. Tangu utoto sijamchoka.

## Mzigo! Mzigo dada!

Ukiingia Mwaloni unafundishwa kutembea upya.

Wabebaji wanatoka kwenye boti na magunia ya dagaa kichwani, wanakimbia kidogo kidogo, shingo imenyooka, na hawawezi kusimama kwa ajili yako. “Mzigo! Mzigo dada!” Nikikwepa kulia nakutana na mkokoteni. Nikikwepa kushoto nakanyaga turubai la mtu. Boti zilikuwa zimeegeshwa pua kwa pua, zimetoka visiwani: Ukara, Kome, Gana, nyingine mbali zaidi, Goziba huko upande wa Kagera. Upande wa barabarani malori yanapakia. Nilisikia Kiswahili cha Lubumbashi kikichanganyika na Kiswahili chetu, maana dagaa hawa wanakwenda Kongo, Rwanda, Burundi, na wanunuzi wengine huja wenyewe kusimamia mzigo.

Nilidhani dagaa ni dagaa. Siyo. Kuna wa kichanja, waliokaushwa juu ya wavu, wanang'aa kama fedha na hawana mchanga. Kuna wa chini, waliokaushwa mchangani, ukiwatafuna unajua. Kuna waliopigwa na mvua kabla ya kukauka, wakageuka rangi, na hao bei yake inaanguka mpaka kwa wasaga chakula cha kuku. Mvua ya nusu saa inaweza kumtoa dagaa kwenye sahani ya mtu ikamtupa kwenye banda la kuku, na tofauti hiyo ya bei inatoka kwenye mfuko wa mama mmoja.

Kinachonishangaza kuhusu kisamaki hiki ni jinsi kilivyobaki. Sangara walipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, wakakua, wakamaliza aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Viwanda vya minofu vikaja, minofu ikapanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Dagaa huzaana haraka, wakastahimili. Leo ukichukua meza za watu wa kawaida kanda hii yote, dagaa ndiye aliyeko.

Kwa upande wa meza yangu, mchana ule nilikula sato na ugali wa muhogo kwa mama lishe, kwenye benchi, nimebanwa katikati ya wabebaji wawili ambao walikula bila kusema neno wakaondoka kabla sijafika nusu.

## Shika huku

Nilikuwa nimeshamaliza mzunguko na nilitaka kwenda zangu. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kujisikia vibaya. Swali la asubuhi lilikuwa limekaa kifuani. Watu wote pale walikuwa na sababu ya kuwepo, hata kongoti waliokuwa wakitembea kati ya matumbo ya samaki. Mimi nilikuwa na simu.

Nikapita tena karibu na turubai la bluu. Wingu jeusi lilikuwa linatoka upande wa ghuba, na upepo umebadilika. Mwaloni wote ukaamka kwa mara moja. Watu walikuwa wanakunja, wanafunga, wanaita watoto. Yule mama alikuwa peke yake na turubai la watu wawili.

“We dada! Shika huku!”

Nikatupa mkoba chini, nikashika. Tukakunja pembe nne katikati, tukainua, tukaburuta mpaka chini ya bati. Matone ya kwanza yalitupiga mgongoni. Dagaa walibaki wakavu. Viatu vyangu mpaka leo vina harufu.

Mvua ilikaa kama dakika ishirini. Tulikaa juu ya magunia. Nilimwamkia upya, kwa Kisukuma, “Mwadila, mayu,” nikajiona nimefanya jambo la heshima. Akatabasamu.

“Mimi Mkara, mwanangu, wa Ukara, siyo Msukuma. Lakini marahaba.”

Akanieleza kwamba gunia lile lililowa kwenye boti njiani, ndiyo maana alikuwa analianika upya. Mzigo alikuwa amechukua mali kauli kutoka kwa mtu wa kisiwani, hela hajatoa.

“Amekubali tu hivi hivi?”

“Ananijua. Nilimwambia nitakulipa giza likiingia, na ndiyo hili limeingia. Kesho kutwa namalizana naye.”

Nikasema, “Kwa nini usiku, mama? Si hatari kutembea na hela usiku?”

Akanitazama muda mrefu kidogo. Nadhani alikuwa anapima kama ninamtania. Alipoona simtanii, akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni kutoka mbali sana.

Giza siyo usiku. Giza ni msimu ndani ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa: unawasha taa juu ya maji, zamani karabai, sasa taa za betri na sola, dagaa wanaifuata, unawazungushia wavu. Lakini mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa na taa moja kubwa ambayo hakuna anayeweza kushindana nayo. Dagaa hawajikusanyi. Wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala. Hiyo ni mbalamwezi, wiki moja au zaidi kidogo. Kisha mwezi unapungua, unachelewa kutoka, giza linaingia, na boti zinaanza tena.

“Kwa hiyo mbalamwezi hakuna hela,” akasema. “Tunakula za giza.”

Mvua ilikuwa imekatika. Akasimama, akaanza kulikunjua turubai. Mimi nilibaki nimekaa.

## Subiri giza

Miaka sita.

Miaka sita nimepiga simu Kirumba siku za Jumatatu, na miaka sita sauti zimenijibu: “Dada, naomba unisubiri. Giza likiingia nitalipa.” Mwanzoni nilisubiri. Saa moja jioni nilipiga tena. Simu ilikuwa haipokelewi, au inapokelewa na mtu anayeonekana kushangaa mbona napiga tena. Asubuhi nikafungua daftari na kuandika. Aliahidi jioni, hakulipa. Mara mbili, mara tatu, nikafikia lile neno.

Hawakuwa wamenidanganya hata mara moja. Walikuwa wameniambia tarehe kamili, kwa kalenda iliyoko juu ya vichwa vyetu wote, na mimi sikujua kuisoma.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kinanionyesha. Tunasema mwezi kwa kile cha angani na mwezi kwa zile siku thelathini za mshahara, na kwa sababu nalipwa tarehe 25, nilisahau kwamba neno hilo lilianzia juu. Bibi yangu alikuwa akisifia msichana mzuri anasema ana uso wa mwezi wa kumi na nne. Nililichukua kama pambo la maneno. Kumbe mtu wa visiwani ukimwambia mwezi wa kumi na nne, anaona mitumbwi iko nchi kavu.

Jioni ile nilipanda kwenye mawe ya juu ya Kirumba, kati ya nyumba zilizobanana na miamba, nikawapisha kina mama wanaopandisha ndoo za maji, nikakaa nikisubiri. Ilipofika saa mbili, taa zikaanza kuonekana ziwani. Moja, halafu nne, halafu sikuweza kuhesabu, mpaka ikawa kama kuna mji mwingine upande wa pili. Nimeziona taa zile tangu utoto. Siku zote niliziona kama urembo wa Mwanza. Usiku ule niliona marejesho.

## Niliowaandika “mzuri”

Nilirudi ofisini nikatoa madaftari ya zamani. Ukutani tuna kalenda ile yenye tarehe za Kiislamu kwa maandishi madogo, ambayo hakuna aliyewahi kuitazama isipokuwa Ramadhani ikikaribia. Nikaanza kulinganisha. Tarehe 12 mpaka 18 za mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi. Jumatatu zilizoangukia humo au mara tu baada yake, ndizo nilizojaza wino mwekundu kwa wateja wa dagaa. Siyo zote. Kuna wagonjwa, kuna misiba, kuna wachache ambao kweli walinikimbia. Lakini zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilifunga daftari, nikatoka nje kuvuta hewa.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye, nilipokuwa nimelala. Kulikuwa na wateja wa Kirumba ambao hawakuchelewa hata wiki moja, mbele ya majina yao nimeandika “mzuri”. Rejesho la mbalamwezi walilipata wapi?

Nilikuwa najua jibu. Kila mtu Mwanza anajua. Unakwenda kwa mtu wa kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, unaacha kitambulisho na simu, unachukua ya kulipa rejesho la Jumatatu, na giza likiingia unaanza kumlipa yeye kwanza. Inawezekana kabisa kwamba niliowasifia ndio tuliowaumiza kuliko wote, na niliowaita wasumbufu ndio waliokataa kuingia shimo hilo.

Sina uhakika. Ningependa kusema nina uhakika, ili angalau nijue uzito wa nilichofanya.

## Mwezi ulipojaa

Baada ya siku kama kumi na mbili nilirudi Mwaloni. Sikubeba mkoba. Nilitaka kuiona Kirumba ambayo wageni hawapelekwi kuiona.

Boti za dagaa zilikuwa chache. Magunia yaliyokuwepo yalikuwa ya akiba, ya wenye mtaji wa kusubiri bei ipande, maana mzigo ukipungua bei inapanda, na anayefaidi ni yule aliyeweza kutouza. Wabebaji walikuwa chini ya bati wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mama lishe yule wa sato alikuwa amepika sufuria moja badala ya tatu. Vijana wa bodaboda walilala juu ya pikipiki zao. Kwenye duka moja la vyakula nilimwona mwenye duka akifungua daftari la madeni, na pale ambapo mimi ningeandika tarehe, yeye alikuwa ameandika “giza”. Jina, sukari nusu, sabuni moja, giza.

Mwenye duka yule hana shahada ya fedha. Lakini anakopesha Kirumba kwa miaka na duka halijafungwa.

Upepo ulikuwa mkali siku ile, na watu wawili watatu walikuwa wamesimama wanatazama maji kwa namna ambayo mtu wa kanda hii haulizi kwa nini. Tuna tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Tuna tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, pale pale Ukara. Boti ikichelewa, utani unakatika.

Yule mama alikuwepo, anashona gunia lililotoboka. Alinitambua.

“Leo?”

“Leo nanunua, mama.”

“Leo sina mzuri. Huyu ni wa kuku. Njoo giza.”

Angeweza kuniuzia. Nisingejua tofauti.

## Mazungumzo na meneja

Nilimpelekea meneja wangu ukurasa mmoja. Nilipendekeza kwamba wateja wa dagaa walipe zaidi wiki tatu za giza na waachwe wiki ya mbalamwezi, jumla ibaki ileile. Alisoma mara mbili, nampa heshima yake kwa hilo. Kisha akauliza: “Wa dagaa wana mwezi, wa mpunga atakuja na mvua, wa pamba na msimu wa kununua. Tutaendesha kalenda ngapi?”

Sikuwa na jibu zuri pale mezani. Nilijibu kwamba kalenda ziko ngapi hatuzichagui sisi. Akasema atalifikisha juu. Mpaka naandika, halijarudi.

Najua mtu atasema mkopo ni mkataba na Jumatatu ilisomwa wazi kabla ya kusaini. Ilisomwa, mimi mwenyewe niliisoma. Walisaini kwa sababu walihitaji hela, na kwa sababu mwanafunzi anapotakiwa ada hakuna anayejadiliana na kalenda.

## Simu

Wiki iliyopita nilichukua rula na kalamu nyeusi, nikalifuta lile neno, jina baada ya jina. Kisha nikaanza kupiga simu. Namba nyingine hazipatikani tena. Wawili walidhani nadai na wakaanza kujieleza kabla sijasema kitu, na hiyo tu ilitosha kunipa koo kavu.

Wa tatu alikuwa mama ambaye tulimtoa kwenye kikundi. Sauti yake niliikumbuka mara moja. Nyuma yake kulikuwa na muziki na mtu anayeita bei za mashati.

“Nilishaacha dagaa, dada,” akasema. “Niko Buhongwa, mitumba. Kuna deni limebaki?”

“Hapana, mama. Hakuna deni.”

“Sasa?”

Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu giza, kwamba nilidhani ni usiku, kwamba nilimwandika vibaya na kwamba jina lake lilipofika kwenye kikao cha kikundi nilisema mimi ndiye ninayemjua. Nikamwomba radhi. Nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Muziki uliendelea. Nilidhani simu imekatika.

“Ulidhani ni usiku,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Miaka yote.”

“Miaka yote.”

Akanyamaza tena. Kisha nikasikia mtu anamuuliza bei ya sketi, naye akajibu, akateremsha kidogo, wakakubaliana.

“Nimekusikia, dada,” akaniambia. “Ngoja nimfungie mteja.”